Mswaki wako unalala wapi? Uzi wa usafi wa miswaki, sinki na choo

Tabibu wa Moro

Habari za jioni wakuu. Mimi ni tabibu wa meno, kazi yangu iko Morogoro. Kuna jambo naliona kila tukienda kupima meno kwenye shule za bweni, nikaona nilifungulie uzi, kwa sababu majumbani kwa watu wazima hali haina tofauti.

Tukifika shuleni huwa naomba wanafunzi walete miswaki yao kabla sijawaangalia kinywani. Mtoto anakwenda bwenini, anafungua tranka, anatoa mswaki uliofungwa ndani ya mfuko wa mkate, tena kwa fundo. Ameutumia alfajiri, ukaingia mfukoni ukiwa bado unachuruzika maji. Mchana ukilifungua lile fundo unakutana na jasho la mfuko na harufu ya uvundo. Ukiuinamisha mswaki na kutazama pale nywele zinapozama kwenye plastiki, unaona dawa ya meno iliyoganda, na wakati mwingine vidoa vyeusi vya ukungu. Mtoto ameufunga hivyo kwa nia njema kabisa: usipate vumbi, usiguswe na wenzake. Jioni anaurudisha kinywani.

Ninachotaka tuelewane ni hiki: mswaki unahitaji kukauka. Bakteria na fangasi wanapenda mahali penye unyevu, giza na mabaki ya chakula, na mswaki uliofungiwa unawapa vyote vitatu. Ndiyo maana chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kinashauri mambo mepesi tu: usuuze mswaki kwa maji mpaka dawa yote itoke, uusimamishe wima kichwa kikiwa juu, uuache upigwe na hewa, na usiufungie kwenye kikasha kama kawaida ya kila siku. Kifuniko cha kichwa cha mswaki ni cha safarini. Ukifika unakokwenda, kivue.

Sasa njoo kwenye kopo. Nyumba nyingi miswaki ya familia nzima inasimama kwenye kopo moja, vichwa vimelaliana, mkubwa na mdogo, anayeumwa na mzima. Maji yanateremka kwenye vishikio mpaka kitako cha kopo, na yanakaa humo wiki nzima. Nenda kalimwage lako usiku huu uone rangi ya yale maji, kisha pitisha kidole ndani uguse ule utelezi. Mwaka 2011 shirika la NSF la Marekani, linalopima usafi na usalama wa bidhaa, lilipima nyumba za familia 22, na chombo cha kuwekea miswaki kilishika nafasi ya tatu kwa kuwa na bakteria wa jamii ya wale wanaotoka kwenye kinyesi, nyuma ya sponji ya vyombo na sinki la jikoni. Watu walidhani choo ndicho kingeongoza. Choo tunakisugua kwa sababu tunakiogopa, lakini kopo la miswaki hakuna anayelikumbuka.

Na choo nacho kina habari yake. Tangu 1975 mtafiti Charles Gerba alionyesha kwamba choo cha kuvuta maji kinapovutwa, matone madogo sana yanaruka na kutua kwenye vitu vilivyomo bafuni. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walimulika choo kisicho na kifuniko kwa mwanga wa leza ya kijani, wakaona matone yakipanda mita 1.5 ndani ya sekunde 8. Kwa hiyo mswaki uliowekwa juu ya tangi la choo, au kwenye kirafu kilicho hapo ubavuni, unanyunyiziwa kila mtu anapovuta maji.

Nimalizie kwa kusema wazi, maana sitaki mtu aondoke na hofu. Jino halitobolewi na mswaki wenye bakteria. Jino linatobolewa na bakteria waliomo kinywani mwako wanaokula sukari unayokula na kutoa asidi. Mdomo wa binadamu una mamia ya aina za bakteria hata ukinunua mswaki wa bei gani. Kwa mtu mwenye afya, hakuna ushahidi kwamba bakteria wa kwenye mswaki peke yao wanamletea ugonjwa. Lakini mswaki uliovunda, uliochanganyika na wa wenzako, unapitisha vimelea kutoka mtu hadi mtu, na mswaki unaonuka watu huuacha kuutumia. Mtoto wa bweni anayechukia mswaki wake hupiga mara moja kwa siku, au anajisukutulia maji akaenda darasani. Hapo ndipo meno yanapoharibika.

Karibuni kwa maswali.

Mama Pacha

Asante tabibu, nimetoka kumwaga kopo langu sasa hivi. Maji yalikuwa ya kijivu yanavutika kama mlenda. Nimelisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Swali: ni mara ngapi kwa wiki inatosha? Na miswaki yenyewe niichemshe?

Tabibu wa Moro

Mama Pacha, mara moja kwa wiki kwa sabuni na maji ya moto inatosha, ukishalisugua liinamishe likauke kabisa kabla ya kurudisha miswaki. Ukiweza litoboe matundu kitakoni, maji yasipate pa kukaa. Miswaki usiichemshe, nywele zinalegea na kupinda, na mswaki wenye nywele zilizopinda haufiki kwenye mpaka wa jino na ufizi. Suuza kwa maji safi, kung'uta, simamisha. Ukipita miezi mitatu au minne, badilisha. Nywele zikitanuka kabla ya hapo, badilisha mapema. Mswaki wa kawaida bei yake haifiki kilo moja ya sukari.

Mpangaji wa Tandika

Mkuu uzi wako ni mzuri ila umewaandikia wenye choo cha ndani. Sisi huku tuko vyumba sita, choo kimoja cha shimo uani, bafu ubavuni mwake, bomba liko katikati ya uwanja. Hakuna cha kuvuta maji wala matone ya leza. Je, sisi tuko salama?

Tabibu wa Moro

Swali zuri sana kaka. Choo cha shimo hakirushi matone namna ile, lakini kina nzi na mende, na hao wanatembea. Mende anatoka shimoni usiku, anapanda ukuta, anakwenda kulamba dawa ya meno iliyobaki kwenye mswaki. Kwa hiyo msiache miswaki bafuni wala kwenye dirisha la choo. Mswaki ukae chumbani kwako, karibu na dirisha, umesimama kwenye kikombe chako mwenyewe. Uani nenda nao, rudi nao. Tundu la choo liwekewe kifuniko kila mtu akitoka.

Na zaidi ya mswaki, angalieni mikono. Kwenye nyumba ya kupanga vitu vinavyoshikwa na kila mtu ni komeo la mlango wa choo, kata ya ndoo na koki ya bomba. Mtu anatoka chooni, anafungua koki kwa mkono uleule, ananawa, kisha anaifunga tena. Wewe unakuja nyuma yake na mswaki, unaishika koki, halafu unashika kichwa cha mswaki kwa vidole ili dawa isianguke. Nawa mikono kwanza ndipo ushike mswaki. Hilo halina gharama.

Mpangaji wa Tandika

Nimekuelewa. Mimi chumbani nimekata katikati chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatoboa kitako kwa msumari wa moto, nikaifunga kwenye nondo za dirisha kwa waya. Ya watoto iko upande wake. Inapigwa upepo mchana kutwa. Kwenye hiyo koki nitaongea na wenzangu, tulikuwa tunagombana kuhusu zamu ya kudeki tu.

Binti Mkwajuni

Samahani kwa swali. Dada yangu na mumewe wakisafiri wanabeba mswaki mmoja, wanasema wao ni mwili mmoja. Kuna ubaya?

Tabibu wa Moro

Upo ubaya dada. Fizi nyingi hutoa damu wakati wa kupiga mswaki, hata kidogo isiyoonekana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinakaa kwenye damu, na vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Mtu anaweza kuwa navyo kwa miaka asijue. Mswaki na wembe ni vitu vya mtu mmoja, hata kwa mke na mume. Na kama fizi zao zinatoa damu kila siku, wasiache kupiga mswaki kwa kuogopa. Ufizi unavimba na kutoa damu kwa sababu ya ukoga uliobaki pale kwenye mpaka wake na jino. Wapige taratibu kwa mswaki laini, na ikizidi wiki mbili waende wakaonwe, huenda kuna ugaga, yaani ukoga uliokauka ukawa mgumu, wa kuondolewa.

Mzee wa Pangani

Wanangu, sisi tumekua na mswaki wa mti, tunachanja mzizi au kijiti, tunatafuna ncha mpaka inakuwa brashi, na meno haya ninayo mpaka leo. Hatukuwa na kopo wala kikasha. Hivi hayo yote si matatizo ya plastiki?

Tabibu wa Moro

Shikamoo mzee. Mswaki wa mti ni kitu kizuri na hakuna anayeudharau. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1987 kwa jamii ambazo ni desturi yao. Na ukiangalia jinsi mlivyoutumia, usafi umo ndani yake: ncha ikichakaa mnaikata na kutafuna mpya, kwa hiyo nywele hazikai muda mrefu. Nawaomba wanaoutumia leo waendelee hivyohivyo, wakate ncha kila baada ya siku moja au mbili. Ninawaona vijana wanatembea na kijiti kimoja mfukoni mwa shati wiki nzima, kimechanganyika na noti na funguo.

Ninachoongeza mzee wangu ni kwamba zamani soda, biskuti na chai ya sukari nyingi havikuwepo kila saa. Mtoto wa leo anahitaji dawa ya meno yenye floridi pia, yale madini yanayoimarisha jino. Mwenye mswaki wa mti anaweza kuutumia mchana, na usiku kabla ya kulala apige na dawa.

Mzee wa Pangani

Marahaba mwanangu. Hilo la sukari nalikubali, wajukuu zangu wanakunywa soda kama maji.

Usafi Kwanza Znz

Mimi nafanya usafi wa vyumba hotelini huku Unguja, naomba nichangie upande wa bafu, maana watu wengi wanasafisha sana ila kwa mpangilio mbaya. Mtu anachukua kitambaa kimoja, anaanza na choo kwa kuwa ndicho kichafu, kisha kitambaa hichohicho kinapita kwenye sinki na kirafu cha miswaki. Hapo umehamisha uchafu wa choo ukaupaka kwenye sinki.

Sisi tunafundishwa kuanza pasafi kwenda pachafu. Kwanza ondoa miswaki na vikombe vyote, vipeleke nje ya bafu. Kisha kioo na kirafu, kisha sinki na koki yake, kisha kitasa cha mlango na swichi ya taa, mwisho kabisa choo. Choo kina kitambaa chake cha rangi yake, na hakitoki humo. Kwenye sinki usisahau pale chini ya mdomo wa koki na pembezoni mwa tundu la maji, chukua mswaki wa zamani usugue, utatoa utando mweusi au wa pinki. Sugua kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu. Ukimwaga dawa juu ya uchafu, uchafu unaila dawa nguvu. Na dawa iache ikae kama dakika kumi, usiipanguse palepale.

Kaka Deo

Mimi kurahisisha nachanganya Jik na ile dawa ya choo ya kimiminika, nasugua kote kwa pamoja, inatoa povu na harufu kali sana, najua imeua kila kitu.

Usafi Kwanza Znz

Kaka Deo, tafadhali acha leo hii. Usichanganye tena.

Tabibu wa Moro

Naungana na mwenzangu, na wote mnaosoma shikeni hili. Jik ni klorini. Dawa nyingi za choo, pamoja na ile asidi inayouzwa kwenye chupa mtaani, zina asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo gesi yenyewe, inaunguza mapafu, na bafu zetu ni ndogo na dirisha ni tundu la tofali. Ukikutana nayo toka nje upate hewa, acha mlango wazi, usirudi kumalizia. Vilevile usichanganye Jik na kitu chenye amonia, kama baadhi ya dawa za kusafishia vioo.

Jik inafanya kazi na maji matupu. Ile ya dukani ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji inakupa dawa ya asilimia 0.5 inayotosha kwa choo na sakafu yake. Ichanganye siku hiyohiyo, ya jana imeshapungua nguvu. Miswaki isiloweke humo.

Kaka Deo

Duh. Kumbe ndiyo maana nakohoa kila Jumamosi. Asanteni sana.

Nasra MSA

Salaam kutoka Mombasa. Huku Kisauni maji yetu mengi ni ya visima, na visima viko karibu na vyoo vya shimo. Ya kunywa tunanunua au tunachemsha, lakini ya kupiga mswaki watu wanachota tu kisimani kwa kuwa "siyamezi". Nifanyeje na watoto?

Tabibu wa Moro

Dada Nasra, mtoto anameza, hata mkubwa anameza kidogo. Kipindupindu hakiulizi kama maji yalikuwa ya kunywa au ya kusukutua. Dar tulikiona mwaka 2015, kilianzia Kinondoni mwezi wa nane na kikaenea mikoa mingi. Maji ya kupiga mswaki na kusuuza mswaki yawe yaleyale ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha. Pia ukimaliza usijisukutue sana. Tema povu, basi, ili floridi ibaki kwenye meno ifanye kazi. Kwa watoto chini ya miaka mitatu dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita iwe kama punje ya njegere.

Lema wa Usa River

Tabibu, mimi meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni na watu wananiona mchafu. Nimebadilisha miswaki, nimetumia hadi mkaa. Ni mswaki mbovu au?

Tabibu wa Moro

Pole sana kaka, na usijilaumu. Maji ya Arusha na Meru yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, sehemu nyingine inapita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Jino likikua ndani ya ufizi huku mtoto anakunywa maji hayo, linatoka na madoa. Hayo si uchafu na hayasuguliki. Mkaa acha, unakwangua jino. Daktari wa meno anaweza kuyafunika au kuyapunguza. Kwa watoto wenu wadogo, tafuteni maji ya kunywa na kupikia yenye floridi ndogo, hata ya mvua yaliyovunwa vizuri, na punguzeni magadi kwenye chakula, maana nayo yana floridi.

Mjukuu wa Bibi

Bibi yangu ana meno ya bandia ya kuvua. Analala nayo, ulimi na kaakaa vimekuwa vyekundu na vinamuwasha.

Tabibu wa Moro

Huenda ni fangasi, mpeleke aonwe, dawa zipo. Nyumbani meno ayavue kila usiku, uyasugue kwa mswaki wake tofauti na sabuni laini ya kunawia, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, kisha yalale kwenye maji safi yanayobadilishwa kila siku. Kile chombo nacho kioshwe kila siku. Kwa mtu mzee, mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu, usafi wa vyombo hivi una uzito kuliko kwa mimi na wewe.

Matroni Kilosa

Nimesoma uzi wote nikasema huyu ametembelea shule yangu. Nina mabinti zaidi ya themanini kwenye bweni moja. Nikiwakataza mifuko, miswaki wataiweka wapi? Ikiwekwa wazi inaibwa au inachanganywa, na sinki ni moja refu la zege lenye koki sita, mbili haziishi kuvuja.

Tabibu wa Moro

Matroni, asante kwa kujitokeza. Mwite fundi seremala wa shule achukue mbao ndefu, atoboe matundu yaliyoachana upana wa viganja viwili, mswaki upite kishikio kichwa kibaki juu. Mbao ipigwe ukutani ndani ya bweni, upande wa dirisha, mbali na mlango wa choo, ifikike na binti mfupi. Chini iwe wazi, maji yadondoke sakafuni. Kila tundu lina namba ya kitanda, na namba hiyohiyo inaandikwa kwenye kishikio kwa rangi ya kucha. Mswaki wenye namba haupotei hovyo. Mbao isuguliwe kwa sabuni kila Jumamosi, ikauke kabisa. Lile sinki la zege wapeni zamu walisugue jioni, na koki zinazovuja zifungwe mpira mpya, kwa sababu zege lisilokauka ndilo linaloota utando.

Matroni Kilosa

Fundi ninaye. Mbao za madawati yaliyovunjika zipo stoo. Nikuulize tu, zipakwe rangi?

Tabibu wa Moro

Ndiyo, rangi ya mafuta, mikono miwili, hadi ndani ya matundu. Mbao kavu inanyonya maji. Iache ikauke mpaka harufu iishe ndipo mpange miswaki.